Mbuzi Namba 31

2 Desemba

Daftari hili nimepewa na mtu ambaye nakusudia kumsema humu ndani. Naanza na hilo nisije nikasahau. Dokta Mehjabin amerudi kutoka masomoni ng'ambo, miaka minne kamili, na zawadi kwa kila mtu wa maabara. Tumsifu wa mapokezi kapata kitambaa cha shingo, mkuu wetu Dokta Ambokile kapata kalamu ndani ya kasha, na mimi shajara ya jalada la kijani. "Dada Ruthu, nilipoiona tu nikakukumbuka," akasema. "Wewe ni mtu wa kuandika kila kitu."

Ni kweli naandika kila kitu. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nakata nyama za wanyama wagonjwa katika maabara hii ya mifugo, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na hakuna kipande ambacho sijakiandika kwenye daftari la kukatia. Nikasema asante, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Alipoondoka alikuwa binti wa mzee Gulamrasul wa duka la misumari kule Majengo, na alikuwa ananiuliza mimi namna ya kushika wembe. Leo ana ofisi yenye kiyoyozi. Feni yangu mimi imekufa tangu Agosti.

6 Desemba

Mvua bado. Feni bado.

9 Desemba

Leo ametupa somo, saa mbili nzima. Mimi nilikaa nyuma, karibu na mlango. Niandike nilivyoelewa, maana nimeelewa, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Ugonjwa anaoutafuta unaua kondoo na mbuzi katika nchi za mbali, na anataka kujua kama kwetu upo. Mnyama anajikuna mpaka manyoya yanatoka, anayumba, anakufa, na ubongo wake ukiukata umejaa matundu. Hauletwi na kirusi wala bakteria. Ni protini ya mwili wenyewe iliyojikunja vibaya. Ikigusana na mwenzake inamkunja, na huyo naye anamkunja mwingine.

Tumsifu akauliza, "Sasa Dokta, kinga ya mwili muda wote huo inafanya nini?"

"Inaangalia tu," akajibu Mehjabin. "Askari wa mwili wanapiga mgeni. Huyu si mgeni, kazaliwa humo humo, sare anayo. Hawamuulizi kitu. Ndiyo maana hakuna homa wala uvimbe."

Kisha akasema jambo lililonifanya niache kujipepea. Walinzi wenyewe ndio wanaomfuga, akasema. Kwenye bandama na kwenye tezi kuna chembe ambazo kazi yao ni kukamata vitu vinavyopita na kuwaonyesha askari. Zinamkamata huyu, hazijui la kumfanya, basi zinakaa naye. Anaongezeka pale miezi, hata miaka, ndipo anapanda mishipa ya fahamu kwenda ubongoni. Panya walioondolewa chembe hizo, ukiwaambukiza kwa njia ya tumbo, wengine hawaugui kabisa. "Kwa hiyo hatusubiri ubongo," akamaliza. "Tutamtafuta kwenye tezi ndogo za kope la tatu, lile la ndani pembeni mwa jicho, mbuzi angali mzima. Matone ya ganzi, unakata kipande kama punje ya uwele, mbuzi anarudi malishoni."

Dokta Ambokile akaanza kupiga makofi, wote wakafuata. Mimi tezi nimekata maelfu. Sijawahi kusikia kofi hata moja.

14 Desemba

Chamwino, kwa mjomba Mazengo, kaka wa marehemu mama. Nimempeleka mimi, tena kwa kutakiwa: Mehjabin anahitaji mazizi, na Dokta Ambokile akakumbuka kwamba Ruthu ana ndugu wafugaji. Ndiyo kazi ya Ruthu, kukumbukwa pakihitajika ndugu.

Nilikuwa nimejiandaa kumtafsiria. Hakunipa nafasi. Alishuka kwenye gari, akavuta mtandio vizuri, akapiga goti kidogo: "Mbukwenyi!" Kigogo hicho, bila kukwama. Mjomba akaitikia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu harusi yangu. Mimi nikafuata na "Shikamoo, mjomba," nikapata marahaba ya kawaida.

Zizi lina mbuzi thelathini na wanane, na wa mjomba mwenyewe hawafiki nusu. Waliobaki ni wa kuwekeshwa: wa shemeji yake, wa mchungaji, wa rafiki yake wa Mvumi. Na wake yeye wametawanyika kwenye mazizi ya wenzake. Mehjabin akauliza kwa nini.

"Mtu haweki wote mahali pamoja, mwanangu," mjomba akamwambia. Mwanangu! "Ugonjwa ukiingia kwangu, nabaki na waliopo kwa watu. Na wa watu nawatunza kuliko wangu. Wakizaa, mtoto ni wa mwenyewe." Akamwonyesha alama za masikio, hizi za fulani, hizi za fulani. Mehjabin akawa anachora zote kwenye daftari lake. Mimi sizijui. Nilikulia mjini, na hakuna aliyewahi kunikalisha akanifundisha.

Niliwashika vichwa, yeye akakata makope. Mmoja wa kahawia, mwenye mipasuko miwili kwenye sikio la kushoto, alinipiga pembe gotini. Tukamwandika namba 31. Mjomba akacheka. "Huyo ana hasira za mama yako. Siku ukija peke yako nitakupa habari zake." Nilikuwa na sanduku la barafu mikononi na goti linawaka, sikuwa na hamu ya habari za mbuzi.

Tulipoaga, mjomba akaingia zizini akatoka na mtoto wa mbuzi mweupe, jike, akampa Mehjabin. Akampa tu. Mehjabin akataka kulia, akasema, "Basi naomba nimwekeshe hapa hapa kwako, mzee." Mjomba akafurahi zaidi, maana hilo ndilo jibu la mtu aliyelelewa.

Mama alipofariki aliacha jike mmoja katika zizi hilo. Miaka sita iliyopita mjomba aliniletea ngozi, akasema mbuzi wa mama yako amekufa kwa ukame. Ngozi hiyo ipo chini ya kitanda changu. Hiyo ndiyo mifugo yangu mimi.

20 Desemba

Mvua ya kwanza. Nusu saa, halafu vumbi likaendelea na kazi yake.

25 Desemba

Mehjabin si Mkristo, lakini ametuletea biriani sufuria nzima. Mume wangu Ernest kala sahani mbili, akajilamba vidole. "Huyu binti ana roho nzuri," akasema. Nikamwuliza kama wali wangu umewahi kumfanya azungumzie roho yangu. Akacheka, akasema wivu utanipunguza mwili. Fundi wa magrili ya madirisha wa Kizota, leo amegeuka mhubiri.

8 Januari

Nieleze kazi yangu, maana leo imedharauliwa mbele yangu.

Nyama ikishatiwa dawa inagandishwa ndani ya nta. Nta inafungwa kwenye mashine, unazungusha gurudumu, wembe unatoa utepe mwembamba. Utepe unaulaza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ili unyooke, kisha unauopoa kwa kioo kidogo cha hadubini. Kati ya mnyama na mnyama lazima upanguse maji kwa karatasi laini, kwa sababu makombo yanabaki yakielea, na kombo la ng'ombe wa jana linaweza kupanda kwenye kioo cha mbuzi wa leo. Sheria hii nimewafundisha wote. Mehjabin nilimpiga kibao cha mkono kwa ajili yake, mwaka ule aliokuja kujifunza.

Leo walikuja wakubwa watano kuangalia mradi. Nilikuwa nimeanza na mbuzi wa mjomba. Mehjabin akasema, "Dada Ruthu, naomba nijaribu kimoja, mikono isije ikasahau." Nikampisha. Akakata namba 30. Utepe ukatoka mrefu, haukupasuka hata mahali pamoja, na kabla ya kuulaza alipangusa maji kwa madaha, nikasema moyoni anajionyesha. Mgeni mmoja akasema, "Mikono ya dhahabu hiyo." Dokta Ambokile akajibu, "Tumemfundisha wenyewe hapa." Tumemfundisha! Nani na nani?

Kisha akaagiza wageni waonyeshwe kipande cha mfano. Ni tezi ya kondoo aliyeugua kweli, tumeletewa kutoka ng'ambo ikiwa imeshatiwa dawa kali, nasi tunaikata ili tujue rangi ya ugonjwa inavyokuwa. Mimi huikata mwisho wa siku, kazi zote zikiisha. Leo nikaikata katikati ya kazi kwa sababu wakubwa wana haraka. Wakatazama, wakamshukuru Mehjabin, wakatoka naye.

Nikarudi kwenye kiti changu kikiwa bado na joto lake. Nikakata 31 mpaka 38 kabla ya chai bila kuinua kichwa. Sijawahi kukata kwa kasi ile maishani. Hakuna aliyeona.

12 Januari

Mvua siku tatu mfululizo. Barabara ya kwetu imekuwa mlenda.

19 Januari

Namba 31 ana ugonjwa.

Tukishavitia vioo dawa ya rangi, protini mbaya inaonekana kahawia. Vingine vyote vilikuwa safi, ila cha 31 kina doa la kahawia katikati ya tezi. Mehjabin alitoka ofisini akamwita mkuu. Dokta Ambokile alitazama, akafunga mlango, akapiga simu saa nzima. Alipotoka alimshika Mehjabin bega. "Hakuna aliyewahi kuuona hapa kabla yako," akasema. "Jina lako litasomwa."

Nilikuwa nimesimama na trei ya vioo. Nilichowaza kwanza si mjomba, wala si mbuzi wake. Niliwaza: jina lake.

20 Januari

Wameniambia nikate tena namba 31. Kipande kilikuwa kidogo mno, nikapata tepe mbili tu, nta ikabaki tupu. Tepe zote hazina doa. Mehjabin akasema haitoshi kusema ndiyo wala hapana, huenda tezi iliishia pale. Anataka arudi Chamwino akachukue kope la jicho la pili. Korongo limejaa, gari halipiti.

26 Januari

Wakubwa hawasubiri korongo. Zizi la mjomba limefungwa, na tarehe 13 Februari mbuzi wote thelathini na wanane watauawa na kufukiwa. Dokta Ambokile ameshaalika watu wa kamera.

31 Januari

Ninaandika saa tisa alasiri, nimejifungia stoo ya vioo.

Mchana Mehjabin alikwenda kwao Majengo kula. Kioo cha 31 alikiacha kwenye hadubini. Mimi si mtu wa kusoma vioo, ni mtu wa kukata, na mpaka huo naujua. Nilikaa kwenye kiti chake kwa sababu moja tu: nilitaka nikute kosa lake.

Nikaona tezi ya mbuzi, safi, chembe zake zimepangika. Na juu yake lile doa maarufu. Lakini doa halikutulia. Ukizungusha kifundo cha hadubini mpaka tezi ionekane vizuri, doa linafifia. Ukiliweka doa sawa, tezi inafifia. Viwili hivyo havikulala usawa mmoja. Nikalifuata doa mpaka ukingoni, nikakuta limekunjika kidogo upande mmoja, na halikushikana na nyama ya chini mahali popote. Lilikuwa limepanda juu. Ni kombo. Kombo la tezi ya yule kondoo wa ng'ambo, limeelea kwenye maji likamdandia mbuzi wa mjomba.

Nilifurahi. Niandike hivyo hivyo: nilifurahi mpaka nikaziba mdomo kwa kiganja. Miaka minne ng'ambo, kiyoyozi, mikono ya dhahabu, na hakuona kitu ambacho mkataji wa cheti cha miaka miwili amekiona kwa dakika tano! Nikajiona nasimama mkutanoni. Nikaanza hata kupanga maneno.

Ndipo nikakumbuka beseni. Yeye alikata 30, akapangusa. Kipande cha mfano nilikata mimi. Namba 31 nilikata mimi. Na kati ya hivyo viwili nilikuwa nimekaa kwenye joto la mtu mwingine, nakimbia ili nionekane.

Nimekwenda kufungua daftari la kukatia. Tarehe nane Januari, mwandiko wangu, herufi zangu. Safu ya kupangusa maji ina alama ya vema kila mstari, kwa sababu huwa naziweka zote mwisho wa siku bila kufikiri.

2 Februari

Mvua. Sijasema.

3 Februari

Mvua. Sijasema. Wangeniuliza ningesema, lakini nani anamuuliza mkataji? Nikisema, wataniondoa kwenye mashine, na mashine ndiyo kitu pekee ambacho mtu akinitaja Dodoma hii anakitaja. Nikinyamaza, mbuzi wanakufa, na Mehjabin anasifiwa, mpaka siku wataalamu wa ng'ambo watakapokiangalia kioo wamcheke. Upande huo wa pili ninaufikiria zaidi kuliko inavyofaa. Mbuzi ni wa mjomba, mjomba ni damu yangu, na bado napima kama mtu anayenunua nyanya.

5 Februari

Mjomba amekuja Kizota kwa bodaboda, kanzu imeroa mpaka magotini. Alikataa chai, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Wangu wakifa nitalia, nitanyamaza," akasema. "Hawa wa kuwekeshwa nitawaambia nini wenyewe? Miaka arobaini watu wananiwekesha. Mchungaji jana kapita nje ya zizi, hakunisalimu."

"Pole, mjomba."

"Wanasema ugonjwa umo ndani ya mbuzi mwenyewe. Sawa, kikulacho ki nguoni mwako. Lakini nguo hii nimeivaa miaka sitini, mbona siwashwi? Hakuna mbuzi wangu anayejikuna. Wewe umo mle ndani, mwanangu. Walichokiona wamekiona kweli?"

Nikajibu, "Mimi ni wa kukata tu, mjomba."

Akaniangalia usoni. Kisha akasema yule binti wa Gulamrasul anampigia simu kila siku kumpa moyo. Kila siku! Mimi sikuwa nimepiga hata mara moja. Alipoondoka, Ernest akaniuliza kwa nini nimepasua kikombe.

8 Februari

Sijasema.

11 Februari

Jua limetoka. Shimo limeshachimbwa, Tumsifu ameona picha. Mehjabin amekonda. Leo alisimama mlangoni pangu kama mtu mwenye neno, akatazama beseni, akanitazama mimi, akasema tu, "Kesho kutwa tutakwenda wote, dada." Sikupenda alivyotazama lile beseni.

13 Februari

Nitaandika yote.

Tulifika Chamwino saa nne. Shimo lilikuwa na maji ya mvua chini. Wenye mbuzi walikuwa wamesimama na miavuli yao, mchungaji, shemeji, mzee wa Mvumi, na mjomba kavaa koti alilovaa siku ya kumzika mama yangu. Mbuzi walikuwa wanalia kwa sababu hawajatolewa kwenda malishoni. Afisa mmoja mfupi, mwenye buti mpya, ndiye aliyetumwa kusimamia. Dokta Ambokile akaanza hotuba kuhusu kulinda mifugo ya taifa. Watu wa kamera wakasogea.

Mehjabin akapita mbele yake. "Samahani mkuu. Samahani wazee wangu. Kioo cha mbuzi namba 31 kina kasoro."

Dokta Ambokile akasema huku amebana meno, "Dokta, siyo hapa."

"Nimekuandikia mara mbili, mkuu, ukaniambia watu wameshaalikwa." Akawageukia wazee, akasema taratibu ili wamwelewe. "Lile doa tuliloliona nina hakika ni kombo la nyama ya mnyama mwingine, lilielea kwenye maji likapanda kwenye kioo. Kosa la maabara. Siku ile nilikaa mimi kwenye mashine mbele ya wageni. Huenda mimi ndiye sikupangusa maji. Kama kuna wa kulaumiwa, nilaumiwe mimi."

Basi, alikuwa anajua. Alikuwa ameona kila kitu nilichokiona, tena kabla yangu, na alijua vizuri nani alikata 31. Daftari la kukatia linakaa mezani kwake.

Nilisubiri watu wamzomee. Nilisubiri kwa hamu, sitaficha. Badala yake mama mmoja mzee akasema, "Msomi anakiri kosa mbele ya watu! Nimeishi nimeona." Mchungaji akavua kofia. Mjomba akamwendea, akamshika mikono yote miwili, akamwita mwanangu kwa mara nyingine tena. Watu wa kamera wakamzunguka. Hata yule afisa mfupi akatikisa kichwa kwa heshima.

Na mimi nimesimama pembeni na sanduku langu la barafu. Alikuwa na ofisi. Alikuwa na mbuzi. Alikuwa na mjomba wangu na mume wangu na sahani mbili za biriani. Sasa amechukua na kosa langu, na linampendeza kuliko vazi! Hapo wivu ulinipanda kichwani mpaka nikaona weusi. Watu watasema dhamiri ilimsumbua Ruthu. Mungu anajua siyo dhamiri.

"Si lako!" nikapiga kelele. Wote wakageuka. "Hilo si lako, Mehjabin. Wewe ulikata 30 na ukapangusa, nilikuona. Kipande cha mfano nilikata mimi, 31 nikakata mimi, maji sikupangusa, na alama ya vema kwenye daftari nilijiwekea tu. Nimelijua tangu mwisho wa Januari, nikanyamaza. Kosa ni langu, liacheni hapa kwangu."

Hakuna mama aliyesema ameishi ameona. Dokta Ambokile alifumba macho. Mjomba aliiachia mikono ya Mehjabin, akanitazama kama alivyonitazama Kizota, ila sasa alikuwa amepata jibu.

Afisa akajitenga na simu yake, akazungumza muda mrefu. Aliporudi alisema mbuzi wengine wasubiri. Namba 31 peke yake achinjwe, ubongo, bandama na tezi vikatwe upya na watu wawili wakiangaliana. Vikiwa safi, zizi linafunguliwa. "Nahitaji ridhaa ya mwenyewe. Huyu mwenye mipasuko miwili ni wa nani?"

"Mwenyewe yupo," mjomba akasema. "Muulizeni."

Tukamtazama mchungaji. Mchungaji akamtazama mzee wa Mvumi. Mjomba akaninyooshea mimi kidole.

"Alama ile ni ya mama yake. Huyo ni mjukuu wa yule jike."

Nikasema, "Mjomba, yule jike alikufa. Uliniletea ngozi."

"Nilikuletea ngozi, ukaipokea, ukasema asante. Hukuniuliza kama aliacha mtoto. Mwenye mifugo huuliza." Hakusema kwa ukali. "Nikasema huyu ni wa mjini, nimtunzie mpaka atakapouliza. Nimesubiri miaka sita."

Afisa akawa ananingoja na karatasi. Yule mbuzi wa kahawia alikuwa amesimama langoni, anatafuna kamba, sikio la mama yangu likipunga nzi. Niliwahi kumshika kichwa na sikumjua. Nikasaini.

16 Februari

Mjomba mwenyewe alichinja. Nilimshika kichwa, hakunipiga pembe. Hakuna aliyekula nyama.

1 Machi

Nimeondolewa kwenye mashine kwa miezi mitatu, naosha vioo. Anakata Mehjabin. Leo ilikuwa zamu ya ubongo wa namba 31, na aliomba niwe mtu wa pili wa kuangalia.

"Nipanguse, dada?"

"Pangusa."

"Nimeshapangusa."

"Pangusa tena."

Akapangusa tena. Nikamwuliza kwa nini alitaka kubeba kosa lisilo lake. Akasema, huku macho yake yakiwa kwenye wembe, kwamba mtu wa kwanza kumwambia ana mkono mzuri nilikuwa mimi, baada ya kile kibao. Silikumbuki hilo. Utepe wake ulipasuka mara mbili, nikasikia raha, nikamwonyesha pa kulegeza wembe.

9 Machi

Ubongo safi. Bandama safi. Tezi zote safi. Zizi limefunguliwa. Mjomba alinipigia mimi, hakumpigia Mehjabin. Nimehakikisha kwa kumwuliza.

6 Aprili

Chamwino, peke yangu. Mtama umeanza kuinamisha vichwa. Mjomba alinikalisha kwenye gogo la mlango wa zizi, akanifundisha masikio: hili la mchungaji, hili la Mvumi, hili mipasuko miwili kushoto. Wapo watatu. Dada wawili wa namba 31, na binti yake mmoja ambaye hana tena mama. Huyo nilimtazama muda mrefu.

Mehjabin ameniomba nimpelekee picha ya mbuzi wake mweupe. Nikapiga picha.

Nilipokuwa naondoka nikarudi kutoka barabarani. "Mjomba, kuna mwenye mimba?"

Mjomba aliweka chini fimbo yake, akaingia zizini, akawapapasa matumbo mmoja mmoja bila haraka. Wangu wawili wanayo. Wa Mehjabin bado mdogo, hajafikia. Huyo nilimpapasa mwenyewe, nikarudia mara mbili.